Antelope Canyon: Korongo Lisiloingiwa Bila Mwongozaji

Antelope Canyon ni korongo jembamba lililo nje kidogo ya mji wa Page, kaskazini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, katika ardhi ya Wanavajo, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kwa nje halina la kuonyesha. Uwanda umetanda mchanga, vichaka vikavu na mwamba mwekundu, na mtu aliyesimama mwendo wa dakika moja tu kutoka kwenye ufa wenyewe anaweza asijue kama kuna kitu hapo. Ndani mambo ni mengine. Kuta za rangi ya machungwa na zambarau zimejikunja na kujisokota kuelekea juu, anga limebaki mstari mwembamba wa buluu, na adhuhuri za kiangazi nguzo ya mwanga hushuka kutoka juu hadi mchangani. Picha ya nguzo hiyo imezunguka dunia nzima, kwenye kalenda, kwenye kuta za hoteli na kwenye simu.

Wengi hufika na picha hiyo kichwani, wakakuta sharti ambalo hawakulitarajia: hakuna anayeingia peke yake. Awe mpiga picha mashuhuri, profesa wa miamba au mwenyeji wa jimbo hilohilo, ataingia katika kundi, kwa saa iliyopangwa, nyuma ya mwongozaji aliyeidhinishwa na Wanavajo. Ndiyo maana safari ya huko mara nyingi huwa safari ya siku moja ya kundi dogo. Asiyejua chanzo chake hulidhani sharti hilo kuwa njia ya kuwakamua wageni. Fedha zinahusika, hilo halina ubishi, lakini kilicholeta sharti ni maji. Na mengi katika ratiba ya siku hiyo, kuanzia msimu wa kwenda hadi masharti ya kurudishiwa nauli, hueleweka mtu akishajua maji yanafanya nini mahali hapo.

Mwamba wa korongo hili ni mchanga ulioganda, nao wanajiolojia wameuita Navajo kwa jina la wenyeji. Mchanga huo ulirundikwa na upepo kiasi cha miaka milioni 190 iliyopita, mwanzoni mwa zama za Jurasiki, wakati sehemu kubwa ya magharibi ya Marekani ilipokuwa jangwa la matuta. Matuta yalihama kwa kusukumwa na upepo, moja likapanda juu ya jingine, na kila tuta likaacha alama ya mteremko wake. Alama hizo ndizo mistari myembamba iliyolala upande ambayo mgeni huiona ukutani leo, safu juu ya safu, kila safu na mwelekeo wake. Baadaye matuta yalifukiwa na matabaka mengine, uzito ukayabana, na madini yaliyoyeyuka katika maji ya ardhini yakazigandisha chembe pamoja. Rangi ni kazi ya chuma: chembe zimevikwa utando mwembamba wa oksidi ya chuma, yaani kutu. Mshikamano huo si wa nguvu sana. Ukuta ukisuguliwa kwa kidole, chembe hubaki kwenye ngozi, na hii ni sababu mojawapo ya wageni kuombwa wasiuguse.

Mwamba laini kiasi hicho umedumu kwa sababu mvua ni adimu. Page hupata chini ya milimita 200 za mvua kwa mwaka. Dodoma, ambayo Watanzania huiita kavu, hupata zaidi ya mara mbili ya hapo. Lakini mvua ya jangwani haiji kwa upole. Sehemu kubwa ya ile ya kutisha huja kati ya Julai na Septemba, kwa dhoruba fupi za alasiri zinazomwaga maji mengi mahali padogo. Ardhi ya kuyapokea ni mwamba mtupu na mchanga mwembamba, bila nyasi wala mizizi ya kuyashika, kwa hiyo maji hayazami, hukimbia. Mkondo mkavu unaopita Antelope hukusanya maji ya eneo pana la upande wa juu, kisha kuyalazimisha yapite katika ufa ambao mahali pengine mtu akinyoosha mikono yote miwili hugusa kuta zote mbili.

Hapo ndipo korongo lilipochongwa na linapoendelea kuchongwa. Maji matupu yasingeweza kazi hiyo kwa kasi ileile. Yamebeba mchanga na kokoto, na mchanga ndio unaokwangua. Yakizuiwa na pembe moja huzunguka na kuchimba bakuli upande wa pili, na ndiyo sababu kuta hazikunyooka hata kidogo. Kazi ya mwaka mzima hufanyika kwa saa chache. Sakafu nayo haitulii: furiko moja huleta mchanga ikapanda, jingine huuchota ikashuka, hata njia iliyokuwa tambarare msimu uliopita ikawa na kijiwe cha kuruka. Waongozaji hupenda kuonyesha gogo lililokwama kati ya kuta, juu kuliko kichwa cha mtu yeyote kundini. Hakuna mti unaoota humo. Gogo lililetwa na maji, na pale lilipo ndipo maji yalipofika.

Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa katika sehemu ya chini, mojawapo ya sehemu mbili za korongo hili. Walitoka Ufaransa, Marekani, Uingereza na Sweden. Pale walipokuwa, mvua iliyonyesha ilikuwa kidogo mno. Dhoruba yenyewe ilipiga kilomita kadhaa upande wa juu, nje kabisa ya upeo wa macho yao. Maji yalijikusanya katika mkondo mkavu, yakashuka, na yalipofika kwenye ufa yalikuwa ukuta wenye kimo cha kuzidi mita 3. Ngazi za mbao zilizotumika wakati huo zilisombwa. Aliyeokoka ni mtu mmoja, naye alikuwa kiongozi wa kundi la safari lililokuja kutoka mbali.

Jambo hilo la mwisho husahaulika kila kisa hiki kinaposimuliwa. Baadhi ya waliokufa walikuwa na kiongozi wao, tena mzoefu wa kutembeza watu. Kuwa na mtu wa mbele tu, basi, hakutoshi. Anayehitajika ni mwenye habari za mvua ya mahali pasipoonekana, anayejua mkondo ule unajaa kwa muda gani, na ambaye akisema leo hatuingii hakuna mwenye ratiba wala mwenye tiketi wa kumpinga.

Wasomaji wa Kenya hawana haja ya kwenda Arizona kulielewa hilo. Septemba 2019 watu 7 walisombwa na maji katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, na haikuwa mara ya kwanza kwa korongo hilo kuua. Miamba ya Ol Njorowa ni ya volkeno, na hali ya hewa ya Bonde la Ufa haifanani na ya Arizona, lakini mambo yanayoua ni yaleyale: mvua ya kwingine, njia nyembamba, kuta zisizopandika.

Mwaka huohuo wa 1997 Antelope Canyon likawa hifadhi ya Wanavajo na kuingia kukawa kwa kuongozwa tu. Ngazi za mbao za sehemu ya chini zilibadilishwa na za chuma zilizofungwa mwambani kwa boliti. Juu ya kingo ziliwekwa nyavu nene za kamba za kuwashushia watu waliokwama, zikawekwa na redio zinazopokea taarifa za hali ya hewa, pamoja na ving'ora. Hatua hizo hazikuyazuia maji, nazo hazikukusudiwa kuyazuia. Oktoba 2006 furiko lililodumu saa 36 lilijaza mchanga na takataka kiasi kwamba sehemu ya chini ilifungwa kwa miezi 5. Mwaka 2010 watalii walikwama juu ya ukingo wa mwamba mafuriko yalipopita, wengine wakaokolewa, wengine wakasubiri maji yapungue. Mara nyingine korongo hufungwa mchana kweupe, jua likiwaka juu ya vichwa vya watu walioamka alfajiri kuja kuliona. Hasira huwapanda, na haieleweki kwa urahisi kwamba jua la hapo halisemi lolote kuhusu mkondo wa juu.

Ardhi ni ya Wanavajo, ambao kwa lugha yao hujiita Diné. Eneo lao linaenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, na ukubwa wake, kama kilomita za mraba 71,000, unazidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Walirudi humo kwa mkataba wa mwaka 1868, baada ya jeshi la Marekani kuwaswaga kwa miguu hadi Bosque Redondo, New Mexico, na kuwaweka huko miaka kadhaa. Kabla ya watalii, makorongo haya yalikuwa ndani ya malisho ya kondoo na mbuzi wa familia za hapo, na hadi leo kampuni zinazoongoza wageni kwa sehemu kubwa ni za familia za Kinavajo. Wana serikali yao, bunge lao na idara yao ya hifadhi. Kwamba neno lao ndilo la mwisho lilionekana wazi mwaka 2020: uviko ulipowapiga vibaya walifunga hifadhi zao, na Antelope Canyon halikufunguliwa tena hadi Julai 2021, ingawa kufunga huko kulikata kipato cha familia hizohizo.

Kuna sehemu mbili, kila moja na tiketi yake, na barabara namba 98 hupita katikati yake. Ya juu iko mbali kidogo na barabara, kwa hiyo wageni hupakiwa kwenye magari ya kuhimili mchanga na kurushwarushwa katika mkondo mkavu hadi mlangoni. Huingiwa kwa usawa wa ardhi, sakafu yake ni tambarare, urefu wake ni kama mita 200 na kuta zake hukaribia mita 40. Ni nyembamba juu na pana chini, na umbo hilo ndilo linalozaa nguzo za mwanga: jua hupenya kwenye tundu dogo, likizungukwa na giza. Njia ni ya kwenda tu. Kurudi ni kwa nje, kwa ngazi na kijia kinachopita juu ya mwamba. Sehemu ya chini ni kinyume chake: pana juu, nyembamba chini, ndefu zaidi, na huteremkiwa kwa ngazi za chuma zilizosimama wima kiasi cha kumfanya mtu ashuke kinyumenyume. Mwanga wake umetawanyika na nguzo ni chache. Bei yake kwa kawaida huwa nafuu.

Uchaguzi kati ya hizo mbili hufanywa zaidi kwa kufuata umaarufu, na hapo watu wengi hupunjika. Aliyefuata nguzo ya mwanga, au mwenye magoti mabovu, au aliyebeba mtoto, mahali pake ni sehemu ya juu. Lakini kwa anayetaka kuliona korongo kama korongo, kupita kwa ubavu, kuinama, kupanda, na kuona jinsi ukuta mmoja ulivyofuata mzunguko wa maji, sehemu ya chini ina mengi zaidi kwa fedha kidogo zaidi. Tiketi za sehemu ya juu za saa za katikati ya mchana ndizo ghali kuliko zote na huisha miezi kadhaa kabla, hasa za kiangazi. Ipo pia Canyon X, upande wa juu zaidi wa mkondo uleule, yenye wageni wachache. Kitu cha kuangaliwa kwa makini ni tiketi za boti. Mdomo wa Antelope Canyon umemezwa na ziwa la Lake Powell, na boti huingia humo kati ya kuta ndefu. Ni safari nzuri, ila si mahali pa zile picha, na kila msimu wapo wanaoligundua hilo wakiwa wameshavaa maboya.

Kuhusu mwanga wenyewe, nguzo huonekana kuanzia karibu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua linapokuwa juu vya kutosha, na wakati wake ni kati ya saa 5 asubuhi na saa 7 mchana. Nje ya miezi hiyo korongo si giza. Rangi zake hubaki, na wapiga picha wengine huzipenda za majira ya baridi kwa sababu ya utulivu wake. Rangi hazitokani na kutu peke yake. Mwanga wa jua hugonga ukuta wa juu, ukadunda hadi wa pili, ukadunda tena, na kila mara mwamba hunyonya buluu na kurudisha nyekundu na machungwa. Ndiyo maana kuta zilizo katikati huonekana kuwaka moto ilhali hakuna jua linalozigusa. Chini kabisa, mahali ambapo mwanga uliodunda haufiki vizuri, kinachobaki ni buluu ya anga, na ikichanganyika na wekundu wa mwamba hutoa ile zambarau ambayo watu hudhani imetiwa kwa kompyuta.

Nguzo nayo haionekani yenyewe. Hewa ikiwa safi, jua hupita na kuacha doa tu mchangani. Mwongozaji huinama, huchota mchanga laini kwa kiganja au kwa kijiko kipana, huurusha juu kwa mkupuo mmoja, na kwa sekunde chache vumbi hushika mwanga na nguzo husimama. Kundi hupiga picha, vumbi hutua kwenye nywele na ndani ya kamera, kisha kundi la nyuma hubisha hodi. Mengi ya yanayostaajabisha pichani yanatokana na kiganja hicho.

Picha maarufu zaidi ni ya Peter Lik, mpiga picha kutoka Australia, ambaye mwaka 2014 kampuni yake ilitangaza kuwa picha yake iitwayo Phantom, inayoonyesha vumbi lenye umbo la mtu ndani ya nguzo ya mwanga, imeuzwa kwa dola milioni 6.5. Mnunuzi hakutajwa jina, na wapo katika soko la sanaa waliolitilia shaka tangazo hilo. Zamani ziliuzwa safari maalumu za wapiga picha, ambapo kundi dogo liliruhusiwa kuweka stendi za kamera na makundi mengine yakasimamishwa hadi wamalize. Hizo zilikomeshwa mwishoni mwa 2019. Siku hizi wote wako sawa: hakuna stendi, hakuna fimbo ya selfi, hakuna droni, na mabegi huachwa garini. Sababu ya begi ni rahisi kwa aliyewahi kuona watu kumi na wawili wakipishana katika njia ya upana wa mabega: begi la mgongoni hukwangua ukuta kila mwenye nalo anapogeuka. Mwongozaji hufidia kwa njia yake. Mlangoni huchukua simu za wageni moja baada ya nyingine, hubadilisha mpangilio wa kamera kuelekea rangi za joto, na njiani huonyesha pa kusimama ili mwamba utoe sura ya dubu, ya moyo au ya mwanamke mwenye nywele ndefu. Kwa mtu wa simu ya kawaida msaada huo ni mkubwa kuliko lenzi ghali.

Page yenyewe ni mji mdogo ulioanzishwa mwaka 1957 kuwalaza wajenzi wa bwawa la Glen Canyon, na wageni wengi hulala kwingine. Flagstaff iko umbali wa kama kilomita 215, zaidi kidogo ya saa mbili kwa gari. Sedona huongeza karibu saa moja. Kutoka Las Vegas ni kama kilomita 440, yaani saa nne na nusu kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na kampuni zinazouza safari hiyo kuwa ya siku moja husema kweli bila kusema yote: mgeni atakaa kwenye kiti saa tisa ili akae korongoni saa moja na kitu. Aliye na nafasi afadhali alale Flagstaff au Page.

Kundi dogo maana yake kwa kawaida ni watu kumi hadi kumi na wanne katika basi dogo lenye dereva ambaye pia ndiye msimulizi wa njiani. Faida yake si starehe ya viti. Tiketi za korongo zina saa maalumu, na anayechelewa hupoteza zamu yake. Basi la watu hamsini likisimama msalani hupoteza nusu saa, dogo hupoteza dakika kumi. Pia kundi la ukubwa huo huweza kuingizwa korongoni pamoja, chini ya mwongozaji mmoja, ambapo la watu hamsini lazima ligawanywe na wa mwisho wasubiri juani. Dereva huyo, hata awe mjuzi namna gani, kazi yake huishia kwenye kituo cha Wanavajo. Hapo kundi hukabidhiwa kwa mwongozaji wa Kinavajo na dereva hubaki na gari. Tangazo lisemalo "mwongozaji mmoja siku nzima" au halikuandikwa kwa uangalifu au halihusu korongo hili.

Kutoka Flagstaff basi huondoka mnamo saa 1 asubuhi kwa barabara namba 89. Misonobari huisha ghafla, uwanda unafunguka, na baada ya daraja la Cameron, juu ya mto Little Colorado, ardhi hugeuka kijivu, waridi na nyekundu. Upande wa kulia hufuatana magenge ya Echo Cliffs hadi karibu na Page. Barabara hupasua magenge hayo mahali pamoja, na hapo Februari 2013 kipande chake kiliporomoka pamoja na mteremko kilipojengwa. Njia ikafungwa hadi 2015, na safari zote zikalazimika kuzunguka.

Saa ndiyo iwapotezayo wengi. Arizona haibadilishi saa zake wakati wa kiangazi kama majimbo mengine mengi ya Marekani yanavyofanya, lakini Wanavajo hubadilisha, na Utah, iliyo umbali mfupi tu kutoka Page, hubadilisha pia. Kampuni za korongo, ingawa ziko kwenye ardhi ya Wanavajo, hufuata saa za Arizona kama mji wa Page. Simu haijui siasa hizo: ikishika mnara wa upande mmoja huruka saa moja mbele, ikishika wa upande wa pili hurudi. Atokaye Las Vegas wakati wa baridi hupoteza saa moja njiani, na wakati wa kiangazi hapotezi kitu. Waliojiendea wenyewe huweza kukosa zamu zao kwa sababu hii. Aliye kwenye basi la kundi humwachia dereva hesabu hiyo.

Safari nyingi huunganisha korongo na Horseshoe Bend, kona ya mto Colorado iliyo kilomita chache kusini mwa Page. Maegesho yapo kando ya barabara, na kutoka hapo ni mwendo wa kama kilomita 1.2 kwenda na kiasi kilekile kurudi, bila mti hata mmoja. Ukingo una kimo cha kama mita 300 juu ya maji. Uzio umewekwa sehemu moja tu ya ukingo, na pengine pote mwamba huishia hewani. Mto unaoonekana chini ni wa kijani na maji yake ni baridi, jambo linalomshangaza anayejua kuwa Colorado ulipewa jina kwa wekundu wa tope lake. Kisa ni bwawa la Glen Canyon, lenye kimo cha mita 216, lililofungwa milango mwaka 1963: tope hubaki Lake Powell, na maji huachiwa kutoka kina ambacho jua halifiki.

Chakula cha mchana mara nyingi huliwa Page au Cameron, na kinachopaswa kuonjwa ni mkate wa Kinavajo wa kukaanga, mpana kama sahani na mwepesi kama andazi la moto, uliorundikiwa maharage, nyama, jibini na majani. Asili yake ni ya uchungu: unga na mafuta vilikuwa posho ya jeshi kwa watu walionyang'anywa mashamba na mifugo yao. Leo huuzwa kwa fahari, na sahani moja huwatosha wawili.

Page iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,300. Julai joto la mchana huweza kupita nyuzi 37, lakini hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla ya kuonekana, na mtu wa Mombasa au Tanga, aliyezoea kujua joto kwa shati lililolowa, hupungukiwa na maji mwilini bila kujua. Chupa ya maji huruhusiwa ndani hata pale begi linapokataliwa. Kiatu kifunge kidole, kwa ajili ya ngazi na mchanga. Wenye lenzi za kuvaa ndani ya jicho afadhali wazivue siku hiyo, kwa sababu upepo wa juu humimina mchanga ndani ya ufa hata siku tulivu. Januari, kwa upande mwingine, asubuhi huweza kuwa chini ya sifuri, na kivuli cha korongo hakimhurumii aliyekuja na fulana.

Mambo mawili huulizwa kabla ya kulipa. La kwanza ni kama bei ya basi imejumuisha tiketi ya korongo na ada ya kibali cha Wanavajo, kwa kuwa safari iliyotangazwa kwa bei nafuu mara nyingi imeviacha vyote viwili vilipwe mlangoni. La pili ni nini hurudishwa korongo likifungwa kwa mvua. Kampuni ya korongo kwa desturi hurudisha fedha yake au hutoa siku nyingine. Kampuni ya basi, ambayo tayari imechoma mafuta na kumlipa dereva, huwa na masharti tofauti, na mara nyingi huwapeleka wageni Horseshoe Bend na kwenye bwawa kisha ikahesabu siku kuwa imetimia. Kwa safari ya Julai hadi Septemba masharti hayo yasomwe kabla ya picha. Bahashishi hutolewa kwa watu wawili, dereva na mwongozaji wa Kinavajo, kila mmoja kwa mkono wake na kwa noti taslimu. Anayempa dereva fungu lote mwisho wa siku humwacha aliyeingia naye korongoni bila kitu.